Wakizashi au tanto? Kuchagua upanga mfupi wa kwanza wa Kijapani

Anayeingia kwenye ukusanyaji wa panga za Kijapani huanza kwa kuitamani katana, upanga mrefu wa samurai. Akishaona bei, huanza kuulizia panga fupi, na hapo hukutana na majina mawili, wakizashi na tanto. Wauzaji huziweka kabati moja, picha za mtandaoni huzichanganya, na wengi huishia kuchagua kwa uzuri wa ala au kwa kile mfuko unachoruhusu siku hiyo. Ni hasara kubwa, kwa sababu kila moja ina historia yake na soko lake, na hata namna ya kuitazama ni yake peke yake.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa watu wengi, upanga mfupi wa kwanza uwe wakizashi ya zama za Edo (1603 hadi 1868), yenye cheti cha kuaminika na iliyong'arishwa vizuri. Tanto ninazipenda kuliko wakizashi, lakini wa kuanza na tanto ni mtu mwenye sababu mahususi, nazo nitazitaja mwishoni.

Kipimo na mpaka wake

Wajapani hupima panga kwa shaku, na shaku moja ni sentimita 30.3. Ubapa usiofika shaku moja ni tanto. Kuanzia hapo hadi shaku mbili, yaani sentimita 60.6, ni wakizashi. Kupita hapo ni katana na tachi, upanga mrefu wa zama za kale zaidi. Hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kidato kidogo kilicho mgongoni, pale ubapa unapokutana na msuka. Msuka wenyewe, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini na ambayo Wajapani huiita nakago, hauhesabiwi.

Mpaka huu una faida kwa anayeujua. Upanga wa sentimita 31 au 32 unaweza kuwa na kila sifa ya tanto, ubapa wake bapa kabisa, umbo lake la kisu, lakini kwenye hati ya usajili ya Japani utaandikwa wakizashi. Wakusanyaji huziita panga hizo sunnobi tanto. Mtu anayevutwa na tanto huku bei za tanto za kale zikimshinda afanye bidii kuzitafuta, kwa sababu humpa sehemu kubwa ya anachokitaka.

Nani alizivaa, na kwa nini moja ni nyingi sokoni

Zama za Edo zilianza mwaka 1603 na kwisha 1868. Katika miaka hiyo samurai alivaa panga mbili kiunoni, katana na wakizashi, na jozi hiyo iliitwa daisho. Akiingia nyumbani kwa mtu aliiacha katana, lakini wakizashi ilibaki naye. Wafanyabiashara na watu wa mjini hawakuruhusiwa kuvaa upanga mrefu. Wakizashi waliruhusiwa, hasa safarini. Matajiri wa Osaka waliagiza wakizashi nzuri mno kutoka kwa wafua panga mashuhuri wa mji huo, akina Tsuda Sukehiro aliyesifika kwa makali yenye umbo la mawimbi makubwa, na Inoue Shinkai. Mhitaji hakuwa samurai peke yake, kwa hiyo wakizashi zilifuliwa kwa wingi mno, za kila daraja, na nyingi zimefika kwetu zikiwa hazijawahi kutumika vitani.

Tanto ina hadithi nyingine. Wakati wake mkubwa ni Kamakura, kati ya mwaka 1185 na 1333, na karne zilizofuata za vita, ilipokuwa silaha ya pili ya shujaa mwenye tachi. Wafua panga wawili walioipandisha daraja ni Yoshimitsu wa Awataguchi, Kyoto, na Shintogo Kunimitsu wa mji wa Kamakura, na wote wawili majina yao yamesimama juu ya tanto zaidi kuliko panga ndefu. Kisha akaja Masamune. Tanto zake tatu pana, zinazojulikana kama Hocho Masamune, zote ni Hazina za Taifa la Japani, na mojawapo imo Tokugawa Art Museum mjini Nagoya. Atakayefika Nagoya aulize kwanza kama imetolewa kuoneshwa, maana panga za hadhi hiyo hazikai kabatini mwaka mzima.

Amani ya Edo iliiua tanto kwa muda. Wakizashi ilichukua nafasi yake kiunoni, na katika karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18 wafua panga walifua tanto chache sana. Zilirudi mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19, pale watu kama Suishinshi Masahide walipohimiza wenzao warudie njia za kale. Mwaka 1876 serikali ya Meiji, iliyofuata zama za Edo, ikapiga marufuku kuvaa panga hadharani, na kazi ikawakauka wafua panga wengi.

Historia hiyo ndiyo inayopanga bei za leo. Soko la tanto lina pengo katikati. Utakuta za kale, ambazo zikiwa nzuri ni ghali na zikiwa rahisi zimechoka. Utakuta za mwisho wa Edo. Na utakuta za wafua panga wa zama zetu. Kwa wakizashi hakuna pengo. Pesa zilezile zinazokununulia tanto ya karne ya 15 iliyokonda kwa kung'arishwa mara nyingi, zinaweza kukupa wakizashi ya karne ya 17 yenye afya, yenye saini, ubapa wake ukiwa bado mnene. Wakizashi ya Edo yenye cheti cha ngazi ya kwanza hupatikana kwa laki chache za yen. Katana ya mfua panga yuleyule, mwenye ubora uleule, huuzwa zaidi ya hapo kwa mbali. Watu wazima katika fani hii wamekuwa wakiwaambia wanagenzi jambo hili kwa miaka mingi, na bado wanagenzi wengi hukimbilia katana dhaifu kwa sababu tu ni ndefu.

Chuma chenyewe

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo tofauti ya panga hizi mbili inapoonekana kwa macho.

Chuma cha jadi huitwa tamahagane. Hupatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa ya kuni katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Lililopo leo kwa ajili ya wafua panga liko Okuizumo, mkoa wa Shimane, lilifufuliwa mwaka 1977, na huwashwa majira ya baridi. Moto mmoja huchukua siku tatu mchana na usiku, hula takriban tani 10 za mchanga na tani 12 za makaa, na mwisho wake tanuri huvunjwa ili kutoa bonge la chuma la tani 2.5 hivi. Si bonge lote linalofaa. Mfua panga huchagua vipande, huvipasha, huvikunja na kuvigonga tena na tena hadi uchafu utoke na chuma kilingane. Mikunjo hiyo huacha alama usoni mwa ubapa, kama mishipa ya mbao, nayo huitwa hada.

Kisha huja hatua inayotia roho. Mfua panga huupaka upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba upande wa makali, huupasha gizani akitazama rangi ya moto, kisha huuchovya majini. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu; mgongo hupoa polepole na kubaki na uvumilivu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio hamon, ule utepe mweupe wenye ukungu unaopita juu ya makali. Hamon ya kweli imo ndani ya chuma. Panga za mapambo zilizotengenezwa kiwandani huchorewa mstari kwa asidi au kwa kusuguliwa, na ukiuinamisha upanga wa namna hiyo chini ya taa mstari haubadiliki, ni uleule kila upande.

Jinsi ya kutazama ni hivi. Zima taa zote ubakishe moja, ya balbu ndogo yenye mwanga mkali. Shika upanga uliotolewa mpini, mkono kwenye msuka, kitambaa safi mkono wa pili kikiegemeza mgongo. Elekeza ncha kuelekea kwenye taa, kisha pandisha na ushushe taratibu hadi mwanga uteleze juu ya makali. Ghafla hamon huwaka. Ukiona chembe moja moja zinazometameta, hizo ni nie, nazo ni fahari ya mkondo wa Soshu, yaani wafua panga wa eneo la Kamakura. Ukiona ukungu laini usiogawanyika kuwa chembe, huo ni nioi, nao ndio uso wa panga za Bizen, jimbo la kale la wafua panga. Wafua panga wa Bizen ndio mabingwa wa hamon iitwayo choji, na Mpemba hatahitaji maelezo: vichwa vyake vya mviringo vyenye shingo nyembamba ni vikonyo vya karafuu vilivyopangwa safu.

Sasa linganisha. Tanto nyingi zina umbo la hira-zukuri, yaani uso wake ni bapa kuanzia mgongo hadi makali, bila tuta katikati. Hada huonekana uso mzima, hakuna pa kujificha, na mfua panga aliyekunja chuma vibaya huumbuka papo hapo. Wakizashi nyingi zina umbo la shinogi-zukuri, lenye tuta linalokimbia urefu wa upanga. Juu ya tuta, upande wa mgongo, mng'arishaji husugua kwa sindano ya chuma hadi pang'ae kama kioo, kwa hiyo hada unaisoma chini ya tuta tu. Kwa kusoma chuma safi, tanto inaishinda wakizashi, na ndiyo sababu nikasema naipenda zaidi.

Wakizashi nayo ina lake. Urefu wake humpa mfua panga nafasi ya kuendeleza wazo lake. Hamon ya mawimbi ya Osaka katika sentimita 50 inaanza, inapanda, inatulia karibu na ncha. Katika sentimita 25 ingekuwa kipande tu. Vilevile umbo la wakizashi ni umbo la katana lililopunguzwa: lina tuta, lina mstari wa kukata ncha uitwao yokote, lina mkunjo. Anayejifunza kwa wakizashi anajifunza lugha ya katana yote, na siku akisimama mbele ya katana nzuri atajua anatazama nini.

Ukinilazimisha nitaje aina moja ya wakizashi, nitasema ile ya Hizen, kisiwani Kyushu, iliyofuliwa na ukoo wa Tadayoshi na wanafunzi wao chini ya watawala wa Nabeshima. Ukoo huo ulifua kwa vizazi kadhaa hadi mwisho wa Edo, kwa kiwango kisichoyumba sana. Hada yake ni laini na imebanana, hamon mara nyingi ni nyoofu na tulivu, na jicho changa huweza kuona kila kitu bila kuchanganyikiwa. Majina yao yameghushiwa sana, kwa hiyo cheti ni lazima.

Saini, msuka na vyeti

Toa kigingi cha mwanzi, vuta mpini, utazame msuka. Kutu yake iwe nyeusi au kahawia iliyokolea, imetulia, haichafui kidole. Utaona alama za tupa ambazo kila mkondo ulizipanga kwa mwelekeo wake, tundu moja au zaidi la kigingi, na pengine saini. Tundu la pili au la tatu mara nyingi huonesha kuwa upanga ulifupishwa, na hilo ni la kawaida zaidi kwa wakizashi: baadhi yake zilianza maisha zikiwa ndefu. Kamwe usiusugue msuka wala kuupaka kitu cha kuondoa kutu. Kutu hiyo ndiyo ushahidi wa umri, na akiiondoa mtu, thamani kubwa imekwenda nayo.

Saini peke yake isikutie kiwewe. Panga zenye saini za uongo ni nyingi mno, na uongo huo wenyewe una karne kadhaa. Nagasone Kotetsu, aliyekuwa mfua deraya kabla ya kugeukia panga katika karne ya 17, ni miongoni mwa walioghushiwa zaidi. Kwa upande wa tanto hatari huongezeka, kwa sababu jina la kale kwenye kipande kidogo cha chuma huweza kupandisha bei mara nyingi, na mghushi anajua hivyo. Upanga usio na saini lakini wenye cheti kinachoutaja mkondo wake ni mali salama kuliko wenye saini kubwa na karatasi ya muuzaji.

Cheti kinachoheshimiwa zaidi ni cha NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za kisanaa za Japani kilichoanzishwa mwaka 1948, ambacho pia kina jumba la makumbusho la panga huko Ryogoku, Tokyo. Ngazi zake kutoka chini ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Kwa mnunuzi wa kwanza Hozon inatosha kabisa, na Tokubetsu Hozon ni furaha. Juyo ni nadra kwa wakizashi za Edo, usiifukuzie. Utaratibu huu wa ngazi ulianza mwaka 1982. Vyeti vya chama hichohicho vilivyotolewa kabla ya hapo wakusanyaji wengi hawaviamini vya kutosha, na hutaka upanga upelekwe tena kukaguliwa. Muuzaji akikuonesha karatasi ya zamani na kukutoza bei ya karatasi mpya, mwambie aupeleke yeye kwanza.

Kasoro moja haisamehewi: hagire, ufa unaokata makali kwa upana wake. Ni mwembamba kama unywele, na kwenye picha hauonekani. Muulize muuzaji kwa maandishi kama upo, na akubali kurudishiwa upanga ukionekana. Kasoro nyingine, kama lengelenge dogo au mshono ulioachia kwenye hada, hupunguza bei bila kuuharibu upanga. Kwa tanto angalia ncha kwa makini zaidi. Hamon inapofika nchani kwa kawaida hugeuka na kurudi mgongoni. Kama inakatika nje kabla ya kugeuka, huenda ncha iliwahi kuvunjika ikaundwa upya, au imeliwa na mng'arishaji. Tanto ina nyama kidogo, kila mng'aro huondoa kitu, na ile iliyopitia mikono mingi huanza kuonesha chuma cha ndani, kilichofifia, kisicho na uhai.

Kung'arisha upya ni kazi ya bingwa aliyefunzwa kwa miaka mingi, na hutozwa kwa kila sun ya urefu, yaani kila sentimita 3.03. Hapo tanto ina nafuu. Lakini bei ya mng'aro kwa wakizashi ya kawaida inaweza kukaribia bei ya upanga wenyewe, kwa hiyo nunua uliokwisha kung'arishwa. Na tafadhali, usimpe mnoa visu wala fundi wa jirani, hata awe hodari namna gani. Dakika kumi za jiwe lisilofaa hufuta kazi ya karne nne.

Ala, mpini na mambo ya kuonesha

Wasomaji waliokulia karibu na jambia, Oman au pwani yetu, huja na jicho lililozoea kutafuta thamani kwenye ala ya fedha na kwenye mpini. Kwa upanga wa Kijapani thamani kuu imo kwenye chuma, na mapambo, yaitwayo koshirae, huhesabiwa kando. Yaweza kuwa na thamani kuliko ubapa, yaweza kuwa ya juzi tu kwenye ubapa wa kale.

Anayependa mapambo atanufaika zaidi na wakizashi. Koshirae yake kamili ina tsuba, kile kisahani kinachokinga mkono. Mpini uliovikwa ngozi ya samaki taa na kusukwa utepe. Vijipambo vya chuma chini ya utepe. Na pengine kisu kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa ala. Kila kipande kina wasanii wake na wakusanyaji wake. Tanto mara nyingi huvaa aikuchi, mtindo usio na tsuba kabisa, ala na mpini vikikutana bila kizuizi. Ni mtulivu, na laka nzuri huonekana bila bughudha.

Namna ya kuonesha huwapotosha wengi. Upanga uliokaa wazi ukutani hukusanya vumbi, chumvi na alama za vidole. Kwa desturi ubapa huhifadhiwa ndani ya shirasaya, ala na mpini vya mbao tupu za honoki visivyo na rangi wala gundi kali, vinavyouacha upumue. Koshirae hupewa ubapa wa mbao ndani yake ili isimame bila kulegea, na hiyo ndiyo inayowekwa kwenye kishikio sebuleni. Wageni wanaona uzuri, chuma kinapumzika kabatini. Ukiweka upanga wenyewe kwenye kishikio, makali yatazame juu na mpini uwe kushoto kwa anayetazama, na kabati liwe la kioo lenye kufuli, hasa nyumba ikiwa na watoto. Tanto ina raha hapa, kwani kikabati kidogo chenye taa moja kinaitosha, wakati wakizashi na koshirae yake hutaka rafu nzima.

Kwa anayeishi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Muscat adui ni hewa. Unyevu na chumvi huanza kula chuma kilichong'arishwa kabla hujagutuka. Vitabu vya Japani husema badilisha mafuta kila baada ya miezi michache. Kwenye pwani yetu mimi nashauri kukagua kila mwezi. Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini au kitambaa safi cha pamba, ukikishika kutoka upande wa mgongo, kuanzia karibu na msuka ukielekea nchani, usirudi nyuma. Tazama chini ya taa kama kuna doa. Kisha paka utando mwembamba sana wa mafuta ya panga. Yale ya jadi hunukia karafuu, lakini mengi ya leo ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu hiyo kidogo, kwa hiyo mtu asichukue mafuta ya karafuu ya dukani akadhani ndiyo hayo. Yakikosekana, mafuta mepesi ya cherehani yasiyo na viongezo yanafaa. Weka vifuko vya kufyonza unyevu kabatini, mbali na dirisha, na usihifadhi kwenye ngozi. Hata pumzi ya mtu anayeongea juu ya ubapa huacha matone, ndiyo maana Wajapani hunyamaza wanapotazama.

Kuutoa Japani na kuufikisha kwako

Kila upanga halali nchini Japani una hati ya usajili inayotembea nao. Ukiuzwa nje, hati hiyo hurudishwa na Wakala wa Utamaduni hutoa cheti cha kuruhusu usafirishaji kinachothibitisha kuwa upanga si mali ya kitaifa iliyozuiwa kutoka. Muuzaji mzoefu hufanya kazi hiyo mwenyewe, na huchukua wiki kadhaa. Anayeahidi kukutumia kesho yake mkimbie. Kabla ya kulipa, waulize forodha ya nchi yako na polisi wanaohusika na silaha, upate jibu la maandishi, maana sheria za upanga hazifanani kutoka nchi hadi nchi.

Walioko Uingereza wana suala lao. Huko panga zilizopinda zenye ubapa wa sentimita 50 au zaidi zimezuiwa, isipokuwa zile zilizotengenezwa kabla ya 1954 au zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi wakati wowote. Tanto haiguswi na kipimo hicho, wala wakizashi fupi. Wakizashi ndefu ya jadi inaruhusiwa, ila wewe ndiwe wa kuonesha karatasi. Walioko Marekani wana bahati tofauti: baada ya 1945 askari wengi walirudi na panga kutoka Japani, na bado zinajitokeza kwenye minada ya mirathi. Nyingi hazina cheti na zimeshika kutu, kwa hiyo hapo anayefaa kununua ni yule ambaye jicho lake limekwisha kukomaa.

Nani basi achukue tanto

Wa kwanza ni mwenye nyumba ndogo, au anayehama mara kwa mara, anayetaka kitu kimoja bora cha kutazama jioni. Wa pili ni yule aliyependa hada kuliko hamon. Huyo hata ukimpa wakizashi nzuri atakuwa anatafuta sehemu iliyo bapa. Apewe tanto ya mwisho wa Edo yenye Hozon, au ile sunnobi niliyoitaja.

Wa tatu ndiye ninayemhimiza zaidi: anayetaka kuagiza upanga kwa mfua panga aliye hai. Sheria ya Japani inamtaka mfua panga awe amejifunza kwa miaka kadhaa kwa bwana mwenye leseni, na baada ya hapo haruhusiwi kufua zaidi ya panga ndefu mbili au fupi tatu kwa mwezi. Kazi hiyo ni ghali na ya kusubiri. Upanga mfupi hutumia chuma kidogo na mng'aro wa urefu mdogo, hivyo tanto mpya mara nyingi ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mfuko wa mtu wa kawaida ya kupata kazi ya bwana mkubwa, na wafua panga wengi huweka ndani yake juhudi ileile wanayoiweka kwenye katana. Unapata ubapa ambao haujapoteza hata chembe, ncha kamili, msuka bado mweupe, na saini isiyohitaji kubishaniwa kwa sababu aliyeiandika anaweza kuulizwa. Unapoagiza, usimchagulie kila kitu. Mwambie urefu, mwambie kama unataka mkondo wa Bizen au wa Soshu, kisha mwachie hamon. Na mwombe auweke kwenye shirasaya kwanza. Koshirae itafuata miaka ijayo, ukiwa tayari na jicho la kujua ni ipi inayoufaa.